Maharagwe ya Mama Veneranda na Ofisi Tatu

Ninyi vijana mnaopanda kamyo Sake asubuhi na kushuka Masisi kabla jua halijawa kali, mkaingia kikaoni na viatu vikavu, nawaomba jambo moja kabla sijaanza kulalamika. Mkiitwa kwenda kuzungumza habari za watu wenye njaa, kuleni kwenu kwanza. Nitawaeleza sababu. Nikichelewa kufika huko, nivumilieni. Nimebeba mizigo maisha yangu yote, na mtu wa mizigo hapendi kusukumwa.

Nilikuwa kapita, msimamizi wa wapagazi, katika njia ya Walikale na Masisi. Leo mnaiona kwenye ramani kama uzi uliolala. Sisi tuliijua kwa magoti. Inaanzia msituni, mahali ambapo mchana una rangi ya maji ya mto, inapanda, inateleza, inapanda tena, mpaka unatoka ghafla kwenye nyasi na upepo na unaona vilima vyetu vimejipanga hadi mwisho wa macho, ukungu umelala juu ya migongo yake. Kila nilipotoka pale nilisimama kidogo, hata mvua inanyesha. Wapagazi walinitukana, nami nilisimama tu.

Vita ya Wazungu ilikuwa bado haijaisha huko mbali. Kwetu iliyotufikia ilikuwa njaa, nayo haikuwa yetu. Ilikuwa imeshika Rwanda, na watu wakawa wanavuka, wanapita Sake, wanapanda kuja Masisi wakiwa wamebeba mikeka, vyungu, na watoto waliokuwa wepesi kuliko vyungu. Wengine serikali ilikuwa imewaleta zamani na kuwapimia mashamba. Hawa ninaowasema mimi hawakuletwa na mtu. Walikuja kwa miguu yao, na ofisi ya Masisi ikashika kichwa.

Ndipo ofisi tatu zikapatana. Masisi itatoa ardhi. Walikale, yenye ndizi na mihogo hadi nguruwe wa porini wanachagua, itatoa chakula. Mji wa ziwani utatoa chumvi, nguo na majembe. Wakaliita jambo hilo undugu wa vituo. Jina zuri. Nililisikia nikiwa nimesimama nje ya mlango na kofia mkononi, na kusema kweli moyo wangu uliruka. Nilifikiri: kumbe watu wakubwa nao wanaweza kusaidiana kubeba kama sisi, mmoja akichoka mwingine anashika.

Sasa sikieni habari ya majembe. Mji wa ziwani ulituma majembe mazuri, mapya, bila mipini, maana miti ya mipini iko Walikale. Walikale wakachonga mipini mizuri, wakaipiga mafuta ya mawese, nasi tukaipandisha mgongoni. Tulipofika tukaweka jembe juu ya mpini, tukatazamana. Jembe la mjini lilikuwa na tundu la kuingiza mpini. Mpini wa Walikale ulikuwa na tundu la kuingiza mkia wa jembe, kama majembe ya kwao. Tundu kwa tundu! Karani wa Masisi alivigeuza vile vitu mikononi mwake kama mtu anayetafuta mlango wa nyumba ya kuku.

"Kapita," akasema, "weye uko mutu mukubwa. Uliona hii mipini njia muzima, haukusema kitu?"

"Niliona mipini, Bwana Karani. Jembe lilikuwa kwako."

Likafanyika shauri la kuwaandikia mji wa ziwani. Mimi na wapagazi tukakata miti ya Kingi, kilima walipopiga kambi wale wageni, tukachonga. Vijana, mpini wa jembe unachongwa kuanzia upande mnene, na unaingizwa kutoka juu, si kutoka chini, ili kila unapolima ujikaze wenyewe. Hilo halihitaji undugu wa mtu yeyote.

Aliyenifundisha kubeba alikuwa Papa Kabunga, mtu wa Walikale, mwindaji zamani, mkubwa wa wapagazi wa upande wa msitu. Alikuwa mfupi, na paji lake la uso lilikuwa na mfereji uliochimbwa na kamba ya gome, kwa sababu wao hubeba mgongoni na kamba inapita usoni. Siku yangu ya kwanza niliweka kitunga chini tupumzike. Akanitazama kwa huruma.

"Sasa utakiinua na nani? Na bibi yako?"

Akanionyesha fimbo yenye panda. Unasimama, unaikita nyuma yako, mzigo unakaa juu yake, wewe unapumua. Mzigo haugusi chini mpaka unapofika. Ndizi nazo alizijua kama mtu anavyojua watoto wa ndugu yake. Zikatwe kabla hazijajaa kabisa. Majani makavu kati ya mkungu na mgongo, maana jasho linaziivisha. Na usizilaze jirani na moto wa kambi hata kama unaona baridi. Moshi wa siku moja na mzigo wote umekuwa wa manjano, na ndizi ya manjano haifiki Masisi, inafika tumboni mwa wapagazi.

Mihogo yao wanailowesha mtoni mpaka uchungu unatoka, halafu wanaikausha. Wageni wetu hawakuijua. Mara ya kwanza tulipofungua vitunga pale kambini Kingi, wanawake walirudi nyuma wameshika pua.

"Baba, hii ilioza njiani?" mmoja akauliza.

"Haikuoza njiani, mama," Kabunga akajibu. "Tuliiozesha sisi wenyewe, tena na akili. Ile yenye haikuoza njo itakuua."

Huyo aliyeuliza alikuwa Mama Veneranda. Alikuwa mrefu, sauti ya chini, binti wawili nyuma yake wameshika nguo yake kama watu wanaovuka mto. Alinusa tena, akacheka kidogo, akachukua fungu lake. Siku ile ile alimwomba Kabunga amwonyeshe jinsi ya kusonga ugali wa unga ule, na Kabunga, ambaye hakuwahi kumsongea hata mke wake, akasonga mbele ya kambi nzima, watu wakimcheka.

Mama Veneranda alikuwa na kitu kiunoni. Kila mtu alikiona na hakuna aliyeuliza, mpaka siku moja mvua ilipotukusanya chini ya paa moja nami nikauliza. Akafungua kitambaa. Maharagwe. Mekundu yenye madoa meupe, makubwa, yanang'aa kama yametoka kupakwa mafuta. Aliyabeba toka kwao. Njia nzima watoto wake walikula majani na mizizi, na yale maharagwe yako tumboni mwa nguo.

"Bwana yangu alikufa mbele tufike Sake," akasema. "Aliniomba nimupikie. Hata kidogo. Nilikatala."

Nikatazama maji yakidondoka paani.

"Niliwaza, nikimupikia ataishi siku mbili. Nikipanda, hawa wataishi." Akawatazama binti zake. Akafunga kitambaa. "Sasa Papa Kapita, udongo iko wapi? Mvua njo hii inapita."

Udongo ulikuwa mbele yake. Mteremko mzima wa Kingi, mweusi, mnono, umelala bure. Na hapa ndipo hasira yangu inapoanzia, hata leo nikikumbuka chai inanipalia.

Kwetu mtu haendi kujiombea shamba kwa mdomo wake mwenyewe. Anaombewa na mtu ambaye amekula jikoni kwake. Mwenye jiko huenda kwa mushamuka, yule mkubwa anayeshika kilima kwa niaba ya mwami, mtemi wetu, akasema: huyu amekula kwangu, namjua, akiharibu jambo uniulize mimi. Ndipo habari za mbuzi na pombe zinafuata. Ni desturi nzuri. Imetuzuia kupigana mara nyingi. Nikaenda kwa mushamuka wa Kingi, Papa Kahombo, mtu mpole mwenye masikio makubwa, Mkristo wa kukaa benchi la mbele, nikamwambia ofisi inaomba awape wale watu mahali.

"Bale bantu banakulaka chakula ya nani?" akaniuliza.

"Ya Walikale, Papa."

"Nani anaileta?"

"Ni miye, Papa. Unaniona kila juma."

"Basi njo bageni ba Walikale. Mwenye kubalisha akuje aseme. Miye sijakatala mutu."

Nikashuka Walikale na vitunga vitupu, nikaenda kwa mkubwa wa kule, nikamweleza. Alikuwa anakula. Aliweka nyama chini.

"Niende kuomba udongo kwa Kahombo? Na mbuzi mukononi? Kesho atasema miye niko mutu wake! Sisi tulisema tutatoa chakula. Tunatoa. Uliona siku moja chakula ilikosa?"

"Hapana, Papa."

"Basi."

Nikapanda tena. Bwana wa teritware, yule Mzungu aliyetawala Masisi nzima, aliposikia alipiga meza. Ardhi ni ya serikali, akasema. Akapeleka askari kukita vijiti kwenye mteremko. Wanaume wawili wa kambini wakajaribu kulima kati ya vijiti. Asubuhi moja mbuzi walikuwa wamejaa mle, wametafuna kila kilichochipua, na Kingi nzima hakuna aliyejua ni mbuzi wa nani. Mimi niliwajua. Hata wao mbuzi walinijua.

Vikao vikaitishwa. Na mnajua vikao viliamua nini? Kwa kuwa watu hawana shamba, Walikale iongeze chakula. Fikirini, vijana. Kila ndizi niliyoipandisha ilikuwa inawafanya kuwa wageni wa Walikale zaidi! Nilikuwa nabeba kitunga kumsaidia Mama Veneranda, na kitunga kilekile ndicho kilichomfungia mlango. Nilimwambia karani. Akasema ni jambo la kufikiriwa. Nikamwambia mtafsiri wa Bwana. Akasema Bwana ana kazi. Mvua ilikuwa inaanza kupungua, mawingu yanapanda juu zaidi kila jioni, na yeyote aliyelima anajua maana yake.

Siku moja nilifika kambini nimelowa, nimechoka, nikamwona yule mama amekaa anayachambua maharagwe yake, anatoa yaliyoanza kuingiwa na wadudu. Nikamwaga hasira yangu yote kwake, kana kwamba ni yeye aliyeitisha vikao. Nikamweleza desturi kutoka mwanzo. Jiko, mwenye jiko, mushamuka.

Alinisikiliza bila kuinua kichwa.

"Na huyu mwenye jiko," akauliza, "lazima akuwe mwanaume?"

"Hapana. Bibi yangu mkubwa aliombea watu wawili."

"Lazima akuwe na shamba?"

"Lazima awe na jiko na chakula chake, tu. Asiyeazima."

"Na mushamuka mwenyewe akikula pale?"

"Akila pale hawezi kusema hamjui mwenye jiko. Lakini Mama, wewe una chakula gani kisicho cha Walikale?"

Nilipomaliza kusema nikaona mikono yake imesimama juu ya kitambaa. Nikatamani kurudisha maneno yangu mdomoni.

Kikao kikubwa cha undugu wa vituo kilikuwa kifanyike Kingi, kambini penyewe, ili wakubwa waone. Wakaja wote: Bwana wa teritware kwenye kipoi, kile kiti cha kubebwa mabegani, karani na mtafsiri, mjumbe wa mji wa ziwani aliyevaa kaptula nyeupe akatujulisha kwamba barua ya majembe ilifika, mkubwa wa Walikale na watu wake, Papa Kahombo na wazee wa kilima, na katekista wa kufungua kwa sala. Chakula chao kilikuwa juu yangu, na mzigo wangu ulikuwa umekwama mtoni, maana daraja la miti lilikuwa limechukuliwa na maji. Kabunga alikuwa ametangulia kuja kunipa habari hiyo, mikono mitupu.

Niliona moshi. Nikaenda nyuma ya vibanda. Mama Veneranda alikuwa ameweka chungu kikubwa juu ya mawe matatu, na mle ndani, yakigeuka polepole, mekundu yenye madoa.

"Mama! Hiyo ni mbegu."

"Najua njo mbegu."

"Wao walikula asubuhi! Angalia matumbo yao!"

"Papa Kapita, usinililie hapa, utazimisha moto." Sauti yake ilikuwa ya chini kama siku zote. "Hata bwana yangu sikumupikia. Acha nipike vizuri."

Binti zake walikuwa wamekaa wanatazama chungu. Hawakuomba. Sijawahi kuona watoto wakitazama chungu namna ile.

Walizungumza huko hadi jua likapita kichwani. Waliposimama kula, aliwapakulia wakubwa kwanza, juu ya majani ya mgomba. Halafu, na hapa nilidhani amepata wazimu, akaanza kuita watu wa kambi, familia kwa familia, na kumpa kila mtu kijiko kimoja. Kijiko kimoja tu, hata vitoto vya mgongoni, akavisugulia midomoni. Wakubwa hawakutazama. Walikuwa wanakula. Bwana wa teritware alisema kitu kwa lugha yake, mtafsiri akasema Bwana anauliza kama yapo mengine.

Papa Kahombo alikula yake yote. Akalamba kidole. Kisha kidole kikabaki hewani.

"Maharagi hii haiko ya hapa," akasema.

Akawageukia watu wa msituni.

"Walikale, njo mulileta?"

"Leo?" Kabunga akadakia, na nilimwona anabana mdomo asicheke. "Leo hatukuleta hata ndizi moja, Papa. Ndizi ingali ng'ambo ya mto, inaangalia maji."

Kahombo akageuka. "Jiko hii iko ya nani?"

"Iko ya kwangu, Papa," Mama Veneranda akasema. Alipiga magoti, mikono pamoja, jinsi wanavyofanya kwao. "Mawe nilibeba miye. Kuni nilikata miye. Maharagi ilitoka kwetu, hapa, kwa kiuno."

"Ilikuwa ya kupanda?"

"Ndiyo, Papa."

Mzee alitazama jani lake lililo tupu. Alilitazama sana. Nimeona watu wakitazama kaburi kwa muda mfupi zaidi.

"Umenitega, mama."

"Nimekulisha, Papa." Akainua uso. "Na hawa bote bamekula kwangu. Umeona. Nakuja kubaombea. Nabajua. Wakiharibu, uniulize miye."

Mtafsiri alianza kumweleza Bwana, akashindwa katikati. Mkubwa wa Walikale alikuwa amefurahi waziwazi. Mzigo ulikuwa umetoka kichwani kwake bila mbuzi. Kahombo akasimama, akachukua fimbo yake, akashuka mteremkoni bila kuaga mtu, na baada ya hatua chache akageuka kwa ukali: "Sasa munangojea nini? Kuja muone mupaka!"

Wakamfuata, kambi nzima, mbio.

Na kule nyuma, karani akatangaza kwamba undugu wa vituo umezaa matunda. Watu wakapiga makofi. Yule wa kaptula nyeupe alinipa mkono. Nilimpa mkono, lakini macho yangu yalikuwa kwenye chungu, kwenye supu nyekundu iliyobaki chini, na nilitaka kulia na kumpiga mtu kwa wakati mmoja. Wanaume wenye nyumba, wenye mashamba, wenye mishahara, ilibidi wale mbegu ya mjane ndipo waone kilima kilichokuwa mbele ya macho yao tangu mwanzo.

Alikuwa amebakiza konzi moja. Aliipanda punje moja moja kila shimo, si mbili wala tatu kama tunavyofanya sisi, na akakata fito ndefu, maana ni maharagwe ya kupanda juu, yanataka kitu cha kukumbatia. Binti zake walilala shambani mchana kufukuza ndege. Mbuzi wa Kingi hawakukaribia. Mavuno ya kwanza hakula hata punje. Aliyarudisha yote ardhini. Sisi tuliendelea kupandisha ndizi. Mavuno ya pili alipika chungu kimoja kidogo, akapeleka sahani njiani, upande wa Sake, akaiweka chini kwenye nyasi na kukaa nayo mpaka ilipopoa. 

Kisha wakaja wengine. Njaa ilikuwa inaisha lakini watu walikuwa bado wanakuja. Ofisi tatu zikakaa, zikapatana upya, na mimi nikaitwa kushuka Walikale kuleta chakula cha wageni wapya. Mvua ilitupiga njia nzima. Tulitoka msituni tumekuwa rangi ya matope, tukasimama pale ninaposimama siku zote, tukatazama Kingi.

Mteremko ulikuwa umejaa watu wanalima. Nyuso ambazo sikuzijua. Papa Kahombo alikuwa katikati yao na fimbo yake, anaonyesha, anagomba, anaonyesha tena. Na juu kidogo, karibu na fito za maharagwe ya Mama Veneranda, moshi mmoja mnene ulikuwa unapanda.

Kabunga akakita fimbo yake, akaegesha mzigo, akapangusa uso.

"Kapita, hizi ndizi sasa tunapeleka ku ofisi gani?"

Nikaangalia ule moshi.

"Twende," nikasema. "Ofisi iko na moto. Inatungojea tukule."